Buti la Impreza na Swali la Mama

Kaka yangu alipoingia Magoma na Impreza yake, mama hakuuliza habari za injini wala spidi. Alizunguka nyuma, akaomba buti lifunguliwe, akapiga kiganja sakafuni. "Viroba vinaingia vingapi?" Tukacheka, mimi wa kwanza. Leo sicheki tena, maana nimegundua kwamba swali hilohilo liliwaumiza vichwa mafundi wakubwa wa Ulaya na Japani.

Lakini kwanza ugomvi wenyewe. Sehemu ya pesa ya gari ilitoka kwenye mahindi ya mama, misimu miwili. Makubaliano yalikuwa gari libebe mazao yake na, akizidiwa, limpeleke hospitali Korogwe. Sasa kaka anataka kuweka springi fupi na ngumu, halafu chuma cha kukaza bodi kinachounganisha shokapu za nyuma, huku na huku. Chuma hicho kinakatisha ndani ya buti. "Dogo," aliniambia, "hili ni gari la mashindano. Angalia ukutani." Ukutani kuna picha ya Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Impreza.

Basi nikaanza kuichimba hiyo Safari.

Ilianza mwaka 1953, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Ilikuja kuwa na zaidi ya kilomita 5,000, tena wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamechachamaa. Njia zake zilifika mpaka milima yetu ya Usambara. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93 na yakarudi saba tu. Saba, bwana! Lililoongoza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, gari la aina ileile iliyokuwa ikibeba familia na mizigo mijini. Na magari yale ya mashindano hayakwenda matupu. Butini mlikuwa na tairi za spea, mara nyingi mbili, pamoja na jeki na vifaa vya kujikwamulia. Kwa hiyo dereva wa Safari alikuwa anakata kona akiwa na mzigo, kama mtu wa Magoma anayekwenda mnadani.

Hapo ndipo penye utamu. Datsun 1600 SSS, iliyoshinda mwaka 1970 mikononi mwa Edgar Herrmann, ilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja peke yake, kwa hiyo ilishika barabara vizuri. Lakini ndugu yake wa kubebea mizigo, lile lenye mgongo mrefu, Wajapani walilirudishia ekseli moja nzima na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kama kurasa. Peugeot nao walifanya vivyo hivyo kwa 504. Saluni iliyoshinda mwaka 1975 na Ove Andersson ilikuwa na miguu huru nyuma. Ile ndefu ya abiria na mizigo ikapewa ekseli nzima. Maana yake hata kiwandani walikiri kwamba ukitaka hiki, kile unakipunguza.

Ila usidhani springi za mizigo ni aibu. Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1974 na tena 1976, ilikuwa na ekseli nzima na springi hizohizo bapa. Watu walikula vumbi lake.

Nikarudi kwenye picha ya ukutani nikaitazama upya. Nilimwita kaka. "Hebu niambie, hili gari limeshushwa?" Akanyamaza. Magari ya Safari yalinyanyuliwa juu, yakafungwa ngao za chuma mbele, na bomba la kuvutia hewa likapandishwa juu ili injini isinywe maji mtoni. Miaka yote ameabudu picha bila kuisoma!

Kaka hana makosa yote, nikiri. Springi ngumu zinapunguza bodi kulala kwenye kona, na kile chuma kinazuia bodi isijinyonge. Kwenye lami ya Segera angefaidi. Lakini pakia viroba nyuma ya ekseli: mkia unashuka, pua inanyanyuka, tairi za mbele zinapungukiwa uzito, usukani unakuwa mwepesi kwa uongo. Springi ikiwa fupi haina pa kushukia. Inagonga mwisho wake, na hapo gari linaruka badala ya kushika. Ina maana ukilibeba shehena linapoteza hata kile ulichokinunulia.

Jumamosi tulikata fimbo, tukaikatisha butini pale chuma kitakapokaa. Bila fimbo viliingia viroba vitatu vya mahindi. Tulipoiweka kikaingia kimoja, cha pili kikagoma katikati. Mama alisimama mlangoni na kanga begani, hakusema neno.

Kaka ameagiza shokapu mpya, za kimo kilekile cha zamani ila imara zaidi. Chuma amekwisha kukilipia. Hajakifunga, hajakirudisha dukani. Kiko chini ya kitanda chake, kimefungwa kwenye gazeti.