Mwindo wa Wanyanga: hadithi yenye haina nakala ya mwisho

Kule Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, wengi wanajua jina la Mwindo hata kama hawajasoma kitabu. Ni mtoto shujaa wa Wanyanga, yule mwenye alizaliwa na papo hapo akaanza kutembea na kusema. Baba yake Shemwindo, chifu wa Tubondo, alikuwa amekatalia wake zake kuzaa mtoto mwanaume. Mwindo akapitia kwenye kidole cha kati cha mama yake. Baba akamrushia mkuki, ikashindikana. Akamzika, mtoto akatoka. Akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma ikasafiri majini kuelekea kwa shangazi yake Iyangura. Kisha Mwindo akarudi kumtafuta baba, akamfuata mpaka chini ya ardhi.

Ni vile kitabu kinasema. Mzee akisimulia tofauti, kijana mwenye amesoma anaweza kusema: mzee amesahau. Lakini kwanza angeuliza ile kitabu ilitoka wapi.

Ilitoka kinywani mwa mtu mmoja. Mwaka wa 1956, Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji, alikuwa anafanya kazi kati ya Wanyanga. Msimulizi aliitwa Candi Rureke, mwenye Wanyanga wanaita she-karisi, maana yake mtu wa karisi, hizi hadithi ndefu za mashujaa. Rureke alisimulia siku 12, na maneno yake yakaandikwa. Kitabu kilitoka mwaka wa 1969 huko California, kwa Kinyanga na kwa Kiingereza, kikiwa na jina la Biebuyck pamoja na la Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha, Mnyanga mwenyewe.

Sasa, jambo lenye wasomaji wengi wanapita haraka: Rureke hakuwa na desturi ya kusimulia hadithi nzima kwa mfululizo. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Kwa kawaida she-karisi anatoa kipande kimoja, siku ingine kipande kingine, kufuatana na watu wenye wako pale. Anaimba, anacheza, anaigiza, wasaidizi wanapiga mdundo, wasikilizaji wanaitikia na kumpa zawadi. Watu wakirudi nyumbani, hakuna kitu kinabaki isipokuwa kile wamekamata kichwani. Basi ile hadithi "kamili" ya kitabuni ilizaliwa kwa sababu mgeni aliiomba. Bila kuombwa, pengine isingesimuliwa vile hata siku moja. Hiyo haipunguzi thamani ya kitabu. Inaonyesha tu kwamba ni usimulizi mmoja, wa mtu mmoja, katika siku 12 za mwaka ule.

Na haukusafishwa kupita kiasi. Katikati ya safari za Mwindo, Rureke anaingiza nyimbo zenye methali na mawazo yake mwenyewe, zingine hazina uhusiano na kile shujaa anafanya saa ile. Mwandishi wa leo angezifuta, akisema zinavunja mwendo. Wale wawili waliziacha, na walifanya vizuri, kwani ni pale msomaji anasikia kwamba kulikuwa mtu anayesema.

Mwindo mwenyewe si mkamilifu. Anajisifu mno. Anapomuua Kirimu, mnyama mkubwa wa kutisha, Nkuba, yaani radi, rafiki wa Kirimu, anamchukua juu mbinguni. Huko anapata adabu mbele ya mvua, mwezi, jua na nyota, na anarudi kwao akiwa chifu mwenye kiasi.

Mwaka wa 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine, Hero and Chief, chenye masimulizi mengine ya Mwindo kutoka kwa wasimulizi wengine. Matukio na mpangilio vinatofautiana. Hakuna hata moja yenye inaitwa ya uongo.

Jambo hili linagusa vijana wenye wanaandika leo huku mashariki. Vita vimewatoa watu vijijini mara nyingi, na mzee mwenye anajua vipande vitatu vya hadithi anaweza kuwa leo kambini, kesho mji mwingine. Kijana mwenye telefone mkononi anasema: nitangoja nipate yule mwenye anajua yote. Yule wa yote, kama Rureke anavyoonyesha, pengine hayuko popote. Na mzee wa vipande vitatu hangoji.

Mwenye anataka kuandika anaweza kuanza na kipande kimoja. Aandike jina la msimulizi akikubali, kijiji chake cha asili, tarehe, na nani alikuwa anasikiliza. Wimbo wenye maana yake haieleweki uandikwe vilevile kwa lugha yake. Pahali mzee alichanganya majina, yabaki vile, na maelezo yawekwe pembeni. Pahali alinyamaza, iandikwe kwamba alinyamaza. Akirudia hadithi mwezi ujao na ikageuka, ya kwanza isifutwe: inafunguliwa ukurasa mwingine ndani ya kaye, na tarehe yake.