Nguzo za Kamoto

Septemba 1990, sehemu ya kati ya mgodi wa Kamoto, jirani na Kolwezi, iliporomoka chini ya ardhi. Kamoto ilikuwa tegemeo la Gécamines, shirika la madini la serikali, na Gécamines ndiyo iliyolisha hazina ya Zaire, Kongo ya leo. Mwaka 1986 shirika lilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Kufikia 1994 zilikuwa zimebaki kama 30,000. Kamoto peke yake haikuleta balaa hilo. Uporaji wa 1991 ulifuata, kisha wenye asili ya Kasai wakafukuzwa, mafundi wengi wakiwemo. Lakini anguko la mgodi husimuliwa mno kama habari ya Rais Mobutu na fedha, na mara chache kama habari ya nguzo.

Madini ya Kamoto yamelala katika matabaka mawili, na kati yake kuna mwamba mgumu wenye matundu. Pale mteremko ulipokuwa mdogo, wachimbaji walichonga vyumba na kuacha nguzo za mwamba uleule zishike dari. Hesabu yake ni nyepesi, nayo inatisha. Ukitoa nusu ya mwamba, nusu iliyobaki inabeba mzigo maradufu. Ukitoa robo tatu, mara nne. Nguzo ndefu nyembamba hupasuka upesi kuliko fupi nene. Tena nguzo yenyewe ni shaba, kwa hiyo tamaa ya kuimega haikomi.

Moja ikivunjika, mzigo wake unawaangukia majirani, nao huenda walikuwa tayari wamelemewa.

Ghorofa la zege lina nondo za kulinusuru. Nguzo ya chini ikitoweka, mihimili ambayo nondo zake zimepita mfululizo juu ya nguzo hulegea, kisha hubeba kwa kuvutika kama kamba ya kuanikia nguo. Ronan Point, jengo la paneli za zege huko London, halikuwa na vifungo vya kutosha: tarehe 16 Mei 1968 mlipuko wa gesi katika orofa ya 18 uliangusha pembe nzima na kuua watu wanne. Baada ya hapo kanuni za Uingereza zikamtaka mhandisi aondoe kipande kimoja katika hesabu zake, aone kama jengo refu litasimama.

Mwamba hauna nondo. Boliti za dari hushika mawe ya karibu tu, basi usalama wote huamuliwa mapema: nguzo iwe nene kiasi gani, ukuta mpana uachwe wapi ili anguko liishie hapo, vyumba vitupu vijazwe lini. Mgodi wa Coalbrook, Afrika Kusini, ulifundisha hayo kwa bei kali tarehe 21 Januari 1960, nguzo za makaa ya mawe zilipovunjika kwa mfululizo na kufukia watu zaidi ya 430. Mwaka 1967 watafiti Salamon na Munro walitoa kanuni ya kupima nguvu za nguzo kama zile. Ilihusu makaa, si shaba, lakini onyo lilikuwa na miaka 23 Kamoto ilipoanguka. Gécamines ya wakati huo ilikamuliwa na serikali huku matengenezo na vipuri vikisubiri.

Hesabu ya nguzo haikuishia Kamoto: katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, kobalti iligunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, na wenyeji wakachimba hadi sebuleni. Huko mzigo ulikuwa nyumba, na nguzo ni udongo uliobaki kati ya shimo la mtu na la jirani yake. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilibomolewa, ikazungushiwa ukuta, ikapewa kampuni ya Congo Dongfang.