Dilla, Shadow, Majani na Sisso: Tofauti yao iko wapi?

Prodyuza mkali anasikika hata rapa akinyamaza. Cheki hawa wanne:

DJ Shadow (Marekani): Albamu ya Endtroducing..... (1996) aliijenga kwa vipande vya santuri za zamani.

J Dilla (Detroit): Alitoa Donuts Februari 7, 2006, siku tatu kabla ya kufariki. Ngoma zake zinayumba kidogo makusudi, kama zinapigwa na mkono wa mtu.

P-Funk Majani (Bongo Records, Dar): Huyu alipika midundo inayomwachia msanii nafasi. Waulize mashabiki wa Juma Nature na Profesa Jay.

Sisso (Mburahati, Dar): Mkali wa singeli. Vipande vya taarabu vinakimbizwa kwenye kompyuta hadi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Sounds of Sisso ilitolewa 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Somo kwa chipukizi wa Lyulilo, Kyela? Singeli ilianza na sauti za mtaani. Kwenu kuna ing'oma ya Wanyakyusa: rekodi kwa simu, katakata, jenga mdundo. Ila omba ruhusa kwa wapigaji na uwataje. Kipande cha sauti nacho ni jasho la mtu.