Pampu ya Sola na Lipa Mdogo Mdogo

Anayesimulia historia ya pampu za sola nchini Kenya huanzia shambani: ukame, mahindi yaliyonyauka, kisha paneli na maji yakibubujika. Mimi ningeanzia Waiyaki Way, Westlands, kwenye makao ya Safaricom, kampuni iliyozindua M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, Machi 2007. Kuvuta maji kwa nguvu ya jua si jambo la juzi. Mwaka 1913, huko Maadi karibu na Kairo, Mmarekani Frank Shuman alikusanya miale ya jua kwa vioo virefu vilivyopinda, akapata mvuke wa kuendesha pampu, na maji ya Nile yakapandishwa hadi mashambani. Mwaka uliofuata vita vikaingia, na mtambo ukaachwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, paneli za umeme zilikuwa zikivuta maji ya visima nchini Mali. Basi mbona mkulima mdogo wa Machakos au Laikipia alisubiri zaidi ya miaka 30 tena? Nasema kilichokosekana kilikuwa namna ya kulipa, na namna hiyo ilifumwa Nairobi.

Itazame pampu iliyotangulia. ApproTEC, shirika lililoanzishwa Nairobi 1991 na Martin Fisher na Nick Moon, na ambalo baadaye liliitwa KickStart, lilianza kuuza pampu ya miguu ya MoneyMaker mwaka 1996. Haikunywa mafuta, na bei yake haikumtisha mkulima. Ila ilidai miguu ya mtu kwa saa nyingi, na si vigumu kukisia miguu ya nani katika boma. Aliyechoka kukanyaga alinunua pampu ya petroli. Sasa, petroli ina fadhila moja ambayo wapenzi wa sola huisahau: huuzwa kwa kipimo. Leo lita moja, wiki ijayo nyingine, na mvua ikinyesha hununui kabisa. Kununua sola taslimu ni kama kulipia petroli ya miaka mingi kwa siku moja. Mkopo wa benki ulitaka hati ya shamba, na hati nyingi zilikuwa bado kwa jina la babu. Ununuzi wa awamu ulikuwapo, hata sheria yake ni ya 1968, lakini ulimfaa zaidi mwenye mshahara wa kukatwa kila mwezi.

Kampuni ya M-KOPA, nayo ya Nairobi, ndiyo iliyokata fundo hilo, na haikulikata kwa pampu bali kwa taa za sola. Kuanzia 2012 mteja alitoa arubuni, kisha shilingi 40 hivi kila siku kwa M-Pesa. Kifaa kilikuwa na laini ya simu ndani yake, na malipo yakikoma kilizimwa kutoka mbali. Dhamana ikawa kifaa chenyewe, babu na hati yake wakaachwa wapumzike. SunCulture, iliyoanza miaka hiyohiyo kuuza Nairobi mitambo ya sola ya umwagiliaji wa matone, baadaye ikaihamishia njia hiyo kwenye pampu. Mtu atapinga, aseme kilicholeta mageuzi ni kushuka kwa bei ya paneli. Kweli ilishuka mno, na bila hilo hakuna awamu ambazo zingebebeka. Lakini ilishuka dunia nzima, nayo haielezi kwa nini Nairobi ikawa miongoni mwa miji ya kwanza kuuza jua kwa mdogo mdogo.

Pingamizi zito liko chini ya ardhi. Petroli humlazimisha mtu azime pampu. Sola, ukishamaliza awamu ya mwisho, haina sababu ya kunyamaza kabla ya magharibi. Mitaa ya Karen na Lang'ata, Nairobi, inalijua hili: visima virefu vimeongezeka kwa miongo mingi, maji yakazidi kwenda chini, na wachimbaji wakayafuata. Ni haki kusema kwamba pampu ndogo ya mkulima, inayovuta kwenye kisima kifupi au mtoni, haifiki kina hicho. Hata hivyo pampu elfu moja kwenye kijito kimoja ni habari nyingine, na kibali cha maji hutolewa ofisini, mbali na kijito. Kifaa kilekile kinachomzimia asiyelipa kingeweza pia kuhesabu saa ambazo pampu imefanya kazi. Ila awamu ina mwenyewe wa kuidai kila jioni. Maji ya chini hayana.