Bodi na Chasisi: Habari ya Kuinua Malori

Ewe msomaji, siku utakapopata nafasi ya kuchungulia chini ya lori lililosimama, inama uangalie mahali pale ambapo kijumba cha dereva kinakutana na fremu. Utaona vyuma viwili virefu vilivyolala sambamba toka mbele hata nyuma, vimeunganishwa kwa vyuma vifupi vya kukingama, mithili ya ngazi iliyolazwa chini. Hiyo ndiyo chasisi. Juu yake kimekalishwa kijumba, na nyuma ya kijumba sanduku la mizigo, na baina ya hivyo na chasisi pana mito midogo ya mpira iliyopitishwa bolti. Zifungue bolti zile, na lori litakuwa vitu viwili: kitu kinachokwenda na kitu kinachokaliwa. Habari nitakayokueleza yatoka katika ufa ule mwembamba ulio kati ya vitu hivyo viwili. Maana wako watu, hasa katika nchi ya Marekani, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiupanua ufa huo nyumbani kwao kwa jeki na spana, ili gari lisimame juu kuliko lilivyotoka kiwandani.

Utengano huo ni mkongwe kuliko motokaa yenyewe. Magari ya farasi ya Ulaya yalijengwa vivyo hivyo, magurudumu na mihimili yake kazi mbali, na sanduku la kukalia watu kazi mbali. Motokaa zilipozuka mwishoni mwa karne ya 19, waundaji waliirithi desturi hiyo, na tajiri aliyetaka gari aliweza kununua chasisi na injini tu, kisha akampelekea fundi wa bodi ampendaye. Wewe uliye Kenya huhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mabasi mengi ya safari ndefu katika barabara zetu yamejengwa na mafundi wa humu humu nchini, juu ya chasisi ya lori iliyonunuliwa bila bodi; ndiyo sababu abiria hana budi kukwea vidato kadha kabla ya kukifikia kiti.

Mwaka 1908 Henry Ford wa Detroit alianza kuuza gari lake la Model T. Siku zile barabara za Marekani nje ya miji zilikuwa matope na makorongo, basi Ford akaliweka gari juu, lipite penye vishina vya miti na mifuo ya magurudumu ya mikokoteni. Hata ilipofika mwaka 1927, magari hayo yaliyotengenezwa yalizidi milioni 15. Lakini kwa habari yetu, Model T si muhimu kama ndugu yake Model TT, lori lililotokea mwaka 1917 kwa bei ya dola 600. Liliuzwa chasisi tupu. Mnunuzi alilipeleka shambani mwake, akachukua mbao na misumari, akajijengea kijumba na sanduku kama alivyoona inafaa. Mwaka 1925 tu ndipo Ford alipoanza kuuza Model T yenye sanduku dogo la mizigo lililoundwa kiwandani, kwa dola 281. Na huyo ndiye babu wa pikapu uzionazo leo.

Wanaoandika historia ya motokaa aghalabu hulipita jambo hili mbio, nami naliona kubwa. Mkulima aliyeijenga bodi kwa mikono yake mwenyewe haogopi kuifungua tena. Alikwisha kujua kila bolti ilipo. Wanawe walikua wakimtazama, na wajukuu wake ndio waliokuja kuyainua malori.

Magari madogo, kwa upande wao, yalishika njia nyingine. Mwaka 1934 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilitoa gari lililoitwa Traction Avant, ambalo bodi yake ndiyo iliyobeba mzigo wote, bila chasisi ya peke yake chini. Gari la namna hiyo ni jepesi, tena hulala karibu na ardhi. Polepole magari mengi ya abiria yakafuata mtindo huo, na kwa hayo hakuna awezaye kuitenga bodi na kitu kisichokuwapo. Desturi ya kuinua bodi ikabaki kwa malori, pikapu, na yale magari ya porini yaliyoshika chasisi ya zamani.

Hatua iliyofuata ilikuja na magurudumu manne yenye nguvu. Mwaka 1935 kampuni ya Marmon-Herrington ya Indianapolis ilianza kuyageuza malori ya Ford ili injini iyasukume magurudumu ya mbele pamoja na ya nyuma. Vita Vikuu vya Pili vikaleta jeep, na vijana wengi wa Marekani walirudi makwao wakiwa wamezoea gari lipitalo pasipo na njia. Katika miaka ya 1950 kampuni ya NAPCO ya Minneapolis ikauza seti kamili ya vyuma vya kuzigeuza pikapu za Chevrolet na GMC vivyo hivyo. Neno hilo seti, msomaji, liweke akilini. Sasa mtu aliweza kununua sanduku la vyuma vilivyokwisha kupimwa na kutobolewa, na karatasi ya maelezo juu yake.

Katika miaka ya 1970 kazi ikageuka mchezo. Huko karibu na mji wa St. Louis, fundi mmoja jina lake Bob Chandler alilichukua pikapu lake la Ford la mwaka 1974, akawa analitia matairi makubwa, na makubwa kuliko hayo, na kila tairi jipya likadai gari liinuliwe tena. Wenzake wakaliita Bigfoot, yaani mguu mkubwa. Mwaka 1981 alilipandisha juu ya magari mabovu shambani, likayaponda, na watu waliofurahishwa na jambo hilo hawahesabiki. Vijana waliotazama walitaka na yao yasimame vile, lakini fedha za Chandler hawakuwa nazo.

Tairi kubwa lina dhara moja: linagonga ukingo wa bodi wakati gari linapokata kona au linaporuka shimo. Ziko njia mbili za kulipatia nafasi. Ya kwanza ni kubadili springi na vyote vinavyoambatana nazo, na hiyo ni ghali. Ya pili ni kuiacha chasisi kama ilivyo, ukaiinua bodi peke yake kwa kutia vipande vinene penye mito ya mpira. Watu wengine walitumia vipande vya mti. Wengine, na hili lanichekesha kila nilikumbukapo, walichukua kile kisahani cha mpira mgumu kinachochezewa mpira wa magongo juu ya barafu. Kina unene wa inchi 1 na upana wa inchi 3, nacho hupatikana dukani kwa bei ndogo. Kitoboe katikati, nawe unacho kipande cha kuinulia lori! Baadaye viwanda vilitoa seti za vipande vya plastiki ngumu au alumini, mara nyingi vya inchi 1 hadi 3, pamoja na bolti ndefu za kufaa.

Waweza kudhani kwamba kazi yenyewe ni kulegeza, kuinua na kukaza. Fundi mzuri hulegeza bolti za pande zote mbili, akazitoa za upande mmoja tu, akaweka ubao juu ya jeki asiitoboe bodi, akainua kidogo kidogo, akatia vipande, kisha akahamia upande wa pili. Ugumu umo katika vitu vilivyozoea kuishi nusu kwenye bodi na nusu kwenye chasisi. Usukani uko kijumbani, bali sanduku la gia zake liko kwenye chasisi, hivyo mhimili wa kati huwa mfupi, sharti uongezwe. Rejeta hupanda pamoja na bodi ilhali feni hubaki na injini. Ukingo wa plastiki unaoizunguka feni usipohamishwa, feni itaukata siku ya kwanza. Mdomo wa kutilia petroli hupanda, tangi hubaki. Vijibomba vya breki hutoka penye bodi vikashuka kwenye chasisi, na kimoja kikivutwa mno hukatika, na dereva hatapata habari ila atakapokanyaga breki. Bampa nayo imefungwa kwenye chasisi. Ikiachwa chini, gari lafanana na mtu aliyevaa suruali fupi.

Na baada ya taabu hiyo yote, ni nini kilichoinuka? Kitu cha chini kabisa katika pikapu ni lile donge la chuma lenye gia katikati ya ekseli ya nyuma. Hilo halikusogea hata unywele. Jiwe lililoligonga jana litaligonga na leo. Kinachoweza kuliinua ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya kipimo chake: tairi lililozidi la zamani kwa kipenyo cha inchi 4 huinua ekseli inchi 2.

Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme pikapu lina sentimita 160 toka gurudumu la kushoto hata la kulia, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 70 juu ya ardhi. Gawa nusu ya upana kwa kimo: 80 kwa 70, wapata 1.14. Sasa tia vipande vya inchi 3 chini ya bodi, na tuseme bodi ni theluthi moja ya uzito wote. Kitovu kitapanda inchi 1. Matairi mapya yataongeza inchi 2. Jumla ni sentimita 7.6, na 80 kwa 77.6 ni 1.03. Kadiri namba hiyo ishukavyo, ndivyo nguvu ya pembeni inayotosha kulipindua gari inavyopungua. Idara ya serikali ya Marekani inayoangalia usalama wa barabara huitumia hesabu hiyo hiyo, nayo ilianza kutangaza alama za hatari ya kupinduka kwa magari ya mwaka 2001. Mara nyingi gari hupinduka linapoteleza kando hata gurudumu likakwama katika udongo laini au ukingo wa barabara. Dereva aliyelijua gari lake kwa miaka mitano alizoea 1.14, mikono yake haijapata habari ya 1.03.

Yuko na mtu mwingine, ambaye hakununua seti wala hakushika spana. Huyo yumo katika gari dogo mbele ya pikapu. Sheria ya Marekani huzitaka bampa za magari ya abiria ziweze kukinga kishindo katika kimo cha inchi 16 hadi 20 toka chini, ili gari likigongana na gari, bampa ikutane na bampa. Sheria hiyo haiyashiki malori. Pikapu lililopandishwa bampa hupita juu ya ngao ya jirani yake, likaingia penye vioo. Majimbo ya Marekani yamejiwekea vipimo vyao wenyewe, hayapatani. California imeamuru kwamba sakafu ya bodi isizidi inchi 5 juu ya chasisi.

Viwanda navyo havikulala. Mwaka 2009 kampuni ya Ford ilianza kuuza pikapu liitwalo Raptor, refu la kimo na lenye matairi makubwa. Lakini wahandisi wake waliziongezea springi nafasi ya kucheza, na magurudumu wakayatandaza mbali zaidi, hata gari likawa pana mno kuliko nduguze. Bei yake si ya kijana wa shambani. Kwa hiyo seti za kuinua bodi zingali zauzwa, na fundi mwangalifu akishamaliza kufunga huliendesha lori maili kadha, kisha hurudi chini yake na spana kuzikaza bolti zote mara ya pili.