Kisigino Kwenye Pedali: Historia Fupi ya Kupimiwa Baiskeli

Haya wandugu, leo tuiache Linux ipumzike. Nimeandika msimbo wiki sita mfululizo, na kitu pekee kilichonitoa kwenye kiti ni baiskeli ya mtumba niliyonunua ili nisiote mizizi. Tatizo ni kwamba baada ya wiki tatu goti langu la kulia lilikuwa linalia kama mlango usiotiwa mafuta.

Duka nililonunulia baiskeli hiyo (liko Nairobi, silitaji) walinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, wakasema "hii ni saizi yako," wakapokea pesa. Huko ndiko kupimwa kwangu kulikoanzia na kuishia.

Nilipopanda kwenda nyumbani Kakamega niliibeba baiskeli juu ya matatu, nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee anayekaa kando ya barabara ya Mumias, upande wa Lurambi. Hana kibao. Ana paa la mabati manne, sanduku la spana, karai la maji la kutafutia pancha, na rundo la tyubu kuukuu. Tukasalimiana "mulembe", nikamweleza habari ya goti. Hakuligusa goti. Alishika baiskeli kwa mikono miwili akasema, "Panda. Sasa weka kisigino kwenye pedali, si vidole. Zungusha mpaka chini kabisa."

Mguu wangu ulikuwa umekunjika kama wa mtu aliyekaa kwenye kigoda. Akacheka. Akalegeza nati, akavuta siti juu, akaniambia nirudie. Mara ya tatu mguu ulinyooka kabisa, kisigino bado kikiigusa pedali. "Sasa ukikanyaga kwa mbele ya mguu, goti litabaki limekunja kidogo. Hicho kidogo ndicho unachotaka." Kisha akanitaka niweke kiwiko kwenye ncha ya siti, ninyooshe vidole kuelekea usukani, akasogeza siti mbele kiasi cha upana wa kidole. Dakika kumi na tano hivi. Nilipokuwa natafuta pochi akasema: "Hata Mwalimu nilimpima hivi hivi."

Mwalimu ni baba yangu. Hapo ndipo niliposahau pochi.

Ili uelewe kilichompata Mwalimu inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli iliyoitwa Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, cheni inayozungusha gurudumu la nyuma, na mpanda akikaa katikati. Kabla ya hapo, kwenye zile baiskeli zenye gurudumu kubwa la mbele, saizi ya gurudumu ilitegemea urefu wa miguu yako, maana pedali zilikuwa kwenye gurudumu lenyewe. Kwa hiyo kupimwa hakukuwa anasa. Ajabu ni kwamba cheni ya Starley ndiyo iliyowaruhusu wenye viwanda kuacha kutupima. Ukishakuwa na siti inayopanda na kushuka, unaweza kutengeneza fremu mbili tatu tu na kumwambia mteja ajirekebishie mwenyewe. Sisi watunzi wa programu tunaujua mchezo huu: weka mipangilio chaguo-msingi, mengine mwachie mtumiaji.

Raleigh wa Nottingham waliucheza vizuri kuliko wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda chao kilikuwa kinatoa takribani baiskeli milioni moja kwa mwaka, na sehemu kubwa ilivuka bahari. Ile iliyotufikia sisi ilikuwa nyeusi, magurudumu ya inchi 28, breki za fito za chuma badala ya waya, uzito wa kilo ishirini na ushee. Kenya tukaiita Black Mamba. Fremu ya kiume ilikuja kwa saizi mbili, inchi 22 na inchi 24. Mbili! Kwa watu wote wa dunia, kuanzia mrefu wa Turkana hadi mfupi wa ukoo wetu.

Mwalimu alinunua yake mwaka 1979, Raleigh iliyotumika, fremu ya inchi 24. Hakuichagua. Ilikuwa hiyo au kutembea hadi shuleni. Baba si mrefu, na hata siti ilipoteremshwa hadi mwisho wa bomba, bado mguu haukufika vizuri. Kwa miaka kumi aliendesha akiyumbisha nyonga, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Sisi watoto tulidhani ni mwendo wake wa madaha. Kumbe alikuwa anatafuta pedali. Mgongo wake wa chini haujapona mpaka leo.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda. Umbo lile la Raleigh lilikuwa limenakiliwa kila mahali. Hero na Avon wa Ludhiana, India, Phoenix wa Shanghai, Flying Pigeon wa Tianjin, wote walitengeneza kitu kilekile: tairi la inchi 28, pembe zilezile, breki zilezile za fito. Lilikuwa kama umbizo huria la faili. Tairi la India linaingia kwenye rimu ya Uingereza bila kuuliza swali. Na kati ya mwaka 1986 na 1989 serikali ya Kenya ikapunguza ushuru wa baiskeli kutoka asilimia 80 hadi 20, vipuri na baiskeli za India zikajaa madukani. Fundi akaona mlango. Mwaka 1989 akamwambia baba: usinunue baiskeli, nunua fremu. Ya inchi 22. Sentimita 5 zikashuka kwa mpigo mmoja, na magurudumu, usukani na keria vikabaki vilevile.

Lakini hakuna umbizo huria lisilo na mwenye tamaa mahali fulani. Raleigh walikuwa na nyuzi zao wenyewe za parafujo kwenye ekseli ya pedali na beringi za usukani: nyuzi 26 katika kila inchi, wakati wengine walitumia 24. Vikombe vya beringi vya Nottingham havifungi kwenye fremu ya India. Kwa macho huoni tofauti, unaigundua ukishaharibu. Fundi anasema aliharibu fremu mbili alipokuwa mwanafunzi ndipo akajua, na hakuna kitabu kilichomwambia. Yeyote aliyewahi kufungua faili la ofisi la kampuni fulani kwa programu ya kampuni nyingine atamwonea huruma. Kwa hiyo baba alinunua pia vikombe, beringi na ekseli mpya. Bado ilikuwa nafuu.

Kuna jambo jingine kuhusu Mamba ambalo halipo kwenye hii yangu ya mtumba. Bomba lake la siti limelala nyuma sana. Ukiinua siti sentimita 5, inarudi nyuma karibu sentimita 2, na ghafla usukani uko mbali. Ukiinua usukani, zile fito za breki zinavutika na lazima uzirekebishe upya, la sivyo utashuka mteremko wa Chavakali ukiwa na sala tu. Yaani kila kipimo kinagusa kingine. Ndiyo maana fundi ana utaratibu asioubadilisha: siti juu au chini kwanza, siti mbele au nyuma pili, usukani tatu, breki mwisho. Mtu akianza na usukani, mzee anageuza uso.

Nikarudi nyumbani nikafanya kile ambacho mtu wa aina yangu hufanya. Nilichukua futi.

Mwaka 1967 watafiti wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walichapisha matokeo kwamba mwendeshaji hutoa nguvu vizuri zaidi siti ikiwa umbali wa asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani, yaani kutoka msamba hadi sakafuni. Unapima kutoka kwenye pedali iliyo chini hadi juu ya siti. Baadaye Mmarekani Greg LeMond, aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, akaeneza kanuni aliyoipata kwa kocha wake Mfaransa, Cyrille Guimard: zidisha urefu huohuo kwa 0.883, upime kutoka katikati ya ekseli ya pedali. Mguu wangu ni sentimita 84. Kanuni ya LeMond inanipa 74.2. Ya Hamley na Thomas inanipa 91.6, na ukitoa mkono wa pedali wa sentimita 17 unabaki na 74.6. Njia mbili tofauti, tofauti ya milimita 4. Nilifurahi kama mtu ambaye programu yake imepita majaribio yote.

Siti jinsi ilivyotoka dukani ilikuwa 68. Sentimita 6 chini! Si ajabu goti lililia.

Na ya fundi? 73. Nilirudi kwake siku ya pili na kijikaratasi changu, nikamweleza kwa heshima kwamba wazungu wanaongeza sentimita moja na kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza hao watu wanasimama mara ngapi njiani. Nikasema kwenye mashindano hawasimami. Akasema, "Hapa unasimama. Ng'ombe anavuka, unasimama. Abiria anashuka Khayega, unasimama, na mguu lazima ufike chini, la sivyo mnaanguka wote." Nikakunja karatasi.

Maana wengi wa wateja wake hawakuwa waalimu. Walikuwa boda boda. Kazi hiyo ilianzia mpakani Busia, miaka ya 1960, watu walipobebwa kwa baiskeli katika ile nafasi iliyopo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, madereva wakiita "border, border". Ilipofika miaka ya 1990 ilikuwa imeenea miji yote ya Magharibi. Ile baiskeli iliyochorwa kwa mtu mmoja sasa ilibeba wawili siku nzima. Kiwanda hakikufikiria hilo, kwa hiyo mafundi wa kando ya barabara walilifikiria: keria iliyoongezewa nondo na kuchomelewa, mto wa sponji, vyuma vya kuwekea miguu ya abiria, kishikio nyuma ya siti ya dereva. Fundi wangu alikuwa akiteremsha siti ya dereva wa boda kidole kimoja zaidi ya ile alama ya kisigino, na kumwinulia usukani, ili dereva asimlalie abiria wala abiria asimlalie. Alikuwa akimpima dereva akiwa na mtu nyuma. Mpaka leo sijaona kanuni ya abiria kwenye kitabu chochote cha Ulaya.

Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi 250cc, na stendi za baiskeli zikaanza kugeuka stendi za pikipiki. Simlaumu aliyehama. Kupanda na abiria kutoka Kisumu Ndogo hadi kilimani kwa nguvu za mapaja si kazi ya kumwombea mwanao. Lakini pikipiki haipimwi. Unakaa ilivyo. Mtoto wa fundi mwenyewe anatengeneza pikipiki, mita ishirini tu kutoka kwa baba yake, na ana wateja watano kwa mmoja wa mzee. Nilimuuliza kama anajua habari ya nyuzi 24 na 26. Akatabasamu, akasema hiyo ni ya mzee.

Basi nimeanza kuandika. Mzee amekubali, kwa sharti kwamba nije na soda na nisimkatize. Tumemaliza siti na usukani. Bado breki za fito, spoku, na namna anavyojua kwa sikio kwamba beringi imekazwa kupita kiasi. Nilimwonyesha pia kiprogramu kidogo nilichoandika kwa simu, unaingiza urefu wa mguu inakupa urefu wa siti. Akakitazama kwa adabu, akauliza kama kinajua barabara ya Shinyalu wakati wa mvua.

Siku ya kuondoka alichukua msumari akakwaruza mstari mwembamba kwenye bomba la siti yangu, pale linapoingia kwenye fremu, ili mtu akiishusha nijue. Jioni nikaingia stoo nyuma ya jiko letu, ilipo Mamba ya baba, tairi hazina upepo na kuku wanalala kwenye keria. Nikafuta vumbi kwenye bomba la siti. Mstari upo.