Friwili na Mteremko wa Newala

Baiskeli za mwanzo zenye pedeli hazikujua kupumzika. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, na mguu ulio juu yake hauna hiari. Ile sauti ya tik-tik-tik unayoisikia baiskeli inapoteremka, huku mwenyewe ametulia kama yuko barazani, haikuwepo. Ni sauti ya friwili, na friwili ilikuja baadaye.

Sasa kuna vijana wanaoitoa makusudi. Wanachukua baiskeli kuukuu, wanafungua friwili, wanafunga sproketi iliyoshikamana na habu, basi wamerudi miaka ya 1880: baiskeli ikienda unakanyaga, na ukitaka kupunguza mwendo unaizuia pedeli kwa mguu. Waingereza wana jina lao refu kwa chombo hiki. Mimi nitakiita fiksi, tusichoshane. Kilibaki kwenye viwanja vya mashindano kwa miaka mingi, wakakipenda matarishi wa New York, kikaenea London na Tokyo, na siku hizi kinawafikia vijana wa Lisekese, mjini Masasi, kwa video za nusu dakika kwenye simu. Ukiwa na Phoenix ya babu stoo, video inakwambia, unaweza kuwa na fiksi kwa hela ndogo tu.

Ni kweli, inawezekana. Ila kabla ya kushika spana, nadhani inafaa tujue kwa nini babu mwenyewe hakuwahi kuitaka.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli yake ya Rover: magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, na mnyororo unaopeleka nguvu gurudumu la nyuma. Ndiyo nyanya wa baiskeli zetu zote. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akasajili tairi la upepo. Ukizitazama picha za baiskeli za enzi hizo utaona vijiti viwili vimetokeza kwenye foko ya mbele. Vilikuwa vya kuwekea miguu mteremkoni. Mpandaji aliziacha pedeli zizunguke zenyewe kama pangaboi, akapandisha miguu, akamwachia Mungu yaliyobaki.

Karibu na mwaka 1900 friwili ikaanza kuenea, na mwaka 1903 Ernst Sachs wa Ujerumani akaleta habu ya Torpedo, yenye friwili na breki humo humo ndani. Watu wa kawaida hawakutazama nyuma tena. Waliobaki na fiksi walikuwa wanamichezo. Major Taylor, Mmarekani mweusi, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za uwanjani mwaka 1899 huko Montreal, juu ya baiskeli ya namna hiyo. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, aliwazuia waendeshaji kutumia gia za kubadilisha hadi mwaka 1937, kwa imani kwamba mashine isimsaidie mtu kupita kiasi. Wajapani walianza mbio zao za keirin mwaka 1948 na hadi leo wanashindana bila friwili wala breki. Kwa hiyo fiksi ina ukoo wa heshima. Lakini ni ukoo wa uwanja tambarare, na wa mtu asiyebeba kitu.

Huku kwetu hadithi ni nyingine. Masasi ya misheni ilianzishwa mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere, yule yule ambaye wapenzi wa lugha tunamjua kwa kazi zake za sarufi ya Kiswahili, alipotoka Lindi kwa miguu na kundi la watumwa walioachwa huru. Mwaka 1882 Wangoni walipoishambulia, wamisionari wakahamia Newala, juu ya uwanda, nako walikwenda kwa miguu. Mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya Maji Maji kuzuka, mwanazuoni wa Kijerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya nyimbo na vinyago, na nyuma yake kulikuwa na msafara wa wapagazi. Chumvi, nguo, vitabu, kengele ya kanisa: kila kilichofika kilifika juu ya kichwa au bega la mtu.

Baiskeli ilipoingia, ilikuta nchi yenye kiu ya kitu cha kubebea mzigo. Na mzigo mkubwa kuliko yote huko juu ulikuwa maji.

Msomaji ambaye hajafika Newala afikirie meza. Uwanda wa Makonde unapanda polepole kutoka upande wa pwani, halafu magharibi na kusini unakatika ghafla. Newala imekaa ukingoni kabisa. Pale wanapopaita Shimo la Mungu unasimama na kuliona bonde la Ruvuma limelala chini, na ng'ambo ni Msumbiji. Udongo wa juu ni mchanga unaokunywa mvua yote, na mito hakuna. Maji hutokea chini, kwenye chemchemi za mabondeni. Vizazi kwa vizazi, wanawake wa Kimakonde waliteremka na chombo kitupu na kupanda na chombo kilichojaa. Kuanzia miaka ya 1950 mradi wa kusukuma maji kwa pampu ukaanza kuyapandisha juu, na baadaye Wafini wakaja kusaidia miradi ya maji ya Mtwara na Lindi. Lakini pampu ni pampu. Siku mafuta yakikosekana au kipuri kikikatika, njia ya bondeni inarudia kazi yake.

Kwenye njia hizo baiskeli ilibadili mambo, na si kwa watu wote sawasawa. Mwanamke alibeba ndoo kichwani kwa ajili ya nyumba yake. Baiskeli mara nyingi ilikuwa ya mwanamume, na yeye akifunga madumu ya lita 20 kwenye keria, maji yanageuka biashara. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya chombo hiki, ingawa kwenye picha za kumbukumbu tunamwona mwenye baiskeli tu, amesimama kifua mbele.

Sasa iangalie kazi yenyewe. Madumu matatu yakijaa ni kilo 60. Hakuna anayepanda ukingo wa Newala amekaa kwenye siti na mzigo huo. Anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo, jasho linaingia machoni. Starehe yake ni moja: safari ya kurudi chini, madumu matupu yakigongana, miguu imetulia, friwili inaimba. Friwili ndiyo ujira wa kusukuma. Umwambie mtu huyo aitoe, atadhani umepigwa na jua.

Na mbona baiskeli zenyewe zimeishi muda wote huo? Hapo kuna korosho ndani yake. Kusini ni nchi ya msimu mmoja, na vitu vikubwa hununuliwa msimu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata kama tani 145,000 za korosho; kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka hadi kama tani 16,500. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao, bei haikuvutia, na ugonjwa wa ubwiriunga ukamalizia. Miaka hiyo hiyo madukani vitu vilikuwa adimu. Nchi ilikuwa na baiskeli yake, Swala, kutoka kiwanda cha taifa cha baiskeli cha NABICO, Dar es Salaam, lakini kiwanda kinachotegemea fedha za kigeni kwa vipuri nacho hukaukiwa. Milango ya biashara ililegezwa mwaka 1984. Katikati ya yote hayo, aliyekuwa na Raleigh, Phoenix au Swala hakuwa na njia ila kuitunza. Foko ikipinda inanyooshwa. Fremu ikipasuka inachomelewa na kutiwa kipande cha nondo. Gololi zinahama kutoka habu iliyokufa kwenda iliyo hai. Baiskeli moja ikawa baiskeli tano, na hakuna ajuaye ipi ni ya asili.

Nilipokuwa Lisekese nilikaa kwa fundi mmoja mzee, chini ya mwembe, kijana akaja na simu yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Leo imekata nini?"

"Haijakata. Nataka uitoe friwili, iwe kama hii."

Mzee akaitazama video hadi mwisho, akairudisha simu. "Hii mnaita fasheni?" akasema. "Sisi ilikuwa friwili imekufa, mjukuu wangu. Meno ya ndani yameisha, unakanyaga haikamati. Unafanyaje, na uko porini? Unafunga sproketi na spoku kwa waya, unakanyaga mpaka nyumbani. Ukifika, miguu haina adabu."

Tukacheka wote. Lakini mzee alikuwa amesema jambo zito kuliko nilivyolisoma popote. Fiksi ilikuwepo kusini zamani sana. Ilikuwa inaitwa kuharibikiwa.

Pamoja na hayo, sisemi kijana aache. Siku hizi wa kumshindana baiskeli ni bodaboda, na mtu akipata hela ya korosho anaiwazia pikipiki. Phoenix ya babu inabaki stoo, halafu siku moja anapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Chombo kilichosomesha watoto kinauzwa kwa kilo. Kama fasheni ya kwenye simu inaweza kumfanya kijana aifute vumbi, aijaze tyubu na kuitia grisi, mimi niko upande wa kijana. Ombi langu ni kwamba aifanye kwa akili ya mzee wa chini ya mwembe. Na mambo yenyewe si mengi.

Kwanza, fremu ya zamani ndiyo inayofaa. Sehemu ya nyuma inapokaa ekseli ina nafasi ya kuvuta gurudumu nyuma na mbele, na hapo ndipo cheni inapokazwa. Baiskeli nyingi mpya za gia hazina nafasi hiyo. Cheni ya fiksi haitakiwi kulegea hata kidogo, maana ikiruka ukiwa kwenye kasi inaweza kulifunga gurudumu papo hapo.

Pili, habu. Habu iliyotengenezwa kwa ajili ya fiksi ina nyuzi za aina mbili: za sproketi, na za pete ya kuibana zinazokaza kwa kuzungusha upande wa pili. Habu ya Phoenix ina nyuzi za friwili tu. Sproketi ikifungwa pale, kukanyaga mbele kunaikaza, lakini kuzuia kwa mguu kunaifungua. Mafundi wa bei nafuu duniani kote huongeza pete inayobania ekseli ya pedeli, kwa kuwa mara nyingi nyuzi zake zinalingana, wakaikaza kwa nguvu zote. Inasaidia, ila si dhamana. Pini za krenki nazo zikaguliwe, kwa sababu zitasukumwa mbele na nyuma siku nzima.

Tatu, breki. Kwa sababu hiyo ya pili, breki ya mbele haitoki, hata kama kwenye video hawana. Suruali ikunjwe, na kanga ya abiria isikaribie cheni. Kwenye baiskeli ya kawaida nguo ikinaswa unaacha kukanyaga. Kwenye fiksi gurudumu linaendelea kuivuta.

Nne, hesabu ya mteremko. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 44 na ya nyuma 20, na tairi ni la inchi 28. Pedeli ikizunguka mara moja unasogea kama mita 4.9. Kwenye tambarare ya Lisekese, mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni mizunguko 68 kwa dakika, raha tupu. Ukiteremka kutoka Newala kwa kilomita 40 kwa saa, miguu itazungushwa mara 136 kwa dakika, zaidi ya mara mbili kila sekunde, na huwezi kusema naomba nipumue. Fiksi ni ya mjini Masasi, kwenda Mkuti na kurudi. Ukingo wa uwanda uachiwe friwili.

La mwisho ndilo ninalolijali zaidi. Kuna njia ya bei ya chini kuliko zote: unampelekea fundi wa kuchomelea, anaiunganisha friwili kwa moto isizunguke tena, dakika kumi umemaliza. Usifanye hivyo. Friwili iliyochomelewa imekufa, na habu inaweza kufa nayo. Ifungue kwa kifaa chake, ioshe kwa mafuta ya taa, iviringishe kwenye kitambaa chenye grisi, iweke kwenye kopo pamoja na karanga zake. Baiskeli hiyo imeshakuwa ya mwalimu, ya muuza maji na ya mbeba korosho kabla haijawa yako, na pampu ya Newala haijaapa kwamba haitasimama tena. Siku mtu nyumbani atakapohitaji kupandisha madumu, iwe ni kazi ya spana moja na nusu saa.